Frigo ya gazi au ya umeme? Hesabu ya kufanya kabla ya kununua

Wakaaji wa vijiji vya Kivu na Ituri walio mbali na nyaya za umeme wanaijua frigo moja ya ajabu: moto unawaka chini, baridi inatoka juu. Haina motere, hailii, haitetemeki. Kwa miaka mingi ndiyo iliyotunza chanjo za watoto katika vituo vya afya vya vijijini, ikitumia petroli ileile ya taa ya koroboi.

Dada yake anasafiri Ulaya na Marekani, ndani ya magari makubwa ambayo familia inalala humo, yenye kitanda na jiko. Hiyo ya magari ina njia tatu za kuchagua: gazi, umeme wa nyumbani wa volti 220 (Marekani ni 120), na batri ya volti 12. Mtu akiikuta kati ya vitu vilivyotumika vinavyotoka ng'ambo, rahisi aamini kwamba amepata dawa ya matatizo yote: umeme ukikatika anafungua gazi, gazi ikiisha anaunga kwenye batri. Lakini njia hizo tatu hazilingani hata kidogo, na tofauti yake inahesabika kwa pesa. Kwenye kituo cha afya inahesabika kwa watoto.

Moto unafanyaje baridi?

Mashine hii ilibuniwa Stockholm mwaka wa 1922 na vijana wawili wa Uswidi waliokuwa bado wanasomea uinjinia, Baltzar von Platen na Carl Munters. Kampuni ya Electrolux ikaichukua na kuiuza dunia nzima. Ndani ya mabomba yake yaliyofungwa kabisa mna maji, amonia na hidrojeni. Moto unachemsha mchanganyiko wa maji na amonia; amonia inapanda kama mvuke, inapoa nyuma ya frigo na kuwa majimaji, kisha inashuka hadi kwenye chumba cha baridi. Pale inakutana na hidrojeni, inageuka mvuke tena, na ili igeuke inanyonya joto la chakula chako. Halafu inarudi kwenye maji na safari inaanza upya.

Kitu cha kushika hapa ni kwamba frigo hii haihitaji umeme. Inahitaji joto. Ukiiunga kwenye umeme, umeme huo unapasha tu kipande cha chuma, kama kile cha kuchemshia maji, ili kichukue nafasi ya moto. Mabomba ni yaleyale, baridi ni ileile. Kwa hiyo gazi na volti 220 hufanya kazi karibu sawa, ingawa moto wa gazi mara nyingi unapasha haraka kidogo. Kwa njia zote mbili, kutoka joto la chumba mpaka baridi nzuri ni saa 6 hadi 12. Ukiwasha asubuhi ili uuze soda baridi saa sita mchana, utawauzia watu soda ya moto.

Hesabu ya watt na kilo

Frigo ya aina hii yenye ukubwa wa lita 100 hadi 150 hula gramu 300 hadi 400 za gazi kwa siku. Chupa ya kilo 12 itafika mwezi mmoja, au ikapita kidogo. Kwa umeme inakula karibu kilowati-saa 3 kwa siku. Frigo ya kawaida yenye kompresa, ya ukubwa huohuo, inatosheka na nusu kilowati-saa au zaidi kidogo. Ni mara tano hivi.

Kwa anayetumia jua, hesabu hiyo inaumiza. Paneli ya watt 100 katika hali yetu ya hewa inaweza kukupa kilowati-saa 0.35 kwa siku ya wastani. Frigo ya kompresa inaomba paneli mbili za namna hiyo. Frigo ya moto, ukiilazimisha itumie jua, inaomba nane au tisa. Mwenye paneli nane angewasha nyumba, televisheni na salon ya kunyoa nywele, na zingebaki.

Mtego mbaya kuliko yote ni ile volti 12. Iliwekwa kwa ajili ya gari linalotembea, ambapo injini inachaji batri muda wote, na hata pale kazi yake ni kulinda baridi iliyokwisha kupatikana. Inavuta ampea 10 mpaka 14. Batri ya risasi ya ampea-saa 100, ambayo haifai kushushwa chini ya nusu, itaishiwa kwa saa nne au tano. Unalala frigo ikiwaka, unaamka batri imekufa na samaki wananuka.

Kuna upande ambapo gazi inashinda wazi. Mitaa mingi ya Bukavu na Uvira inajua umeme unaofika ukiwa dhaifu, volti 160 mahali pa 220. Nguvu ya kile chuma cha kupasha haipungui polepole pamoja na volti: kwenye volti 160 inabaki karibu nusu tu. Amonia haichemki vya kutosha, na frigo inageuka kabati. Ya kompresa ina hatari tofauti: motere inashindwa kuanza, inapata moto, mwishowe inaungua kama hakuna stabilizateri. Moto wa gazi haujali SNEL imeamkaje siku hiyo.

Milima nayo ina neno lake. Watengenezaji wa frigo za magari wanaonya kwamba kupita mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa inakuwa nyepesi, moto wa gazi unadhoofika na unaweza kuzimika wenyewe. Huko wanashauri kutumia umeme. Goma iko karibu mita 1,500, kwa hiyo bado inapita. Butembo inagusa mpaka huo. Nyanda za juu za Minembwe zimekwisha kuuvuka.

Kisha kuna mambo mawili ambayo muuzaji hatakuambia. Frigo hii lazima isimame sawa kabisa, kwa sababu majimaji yanatembea kwa uzito wake tu. Ikiwaka huku imeinama kwa muda mrefu, mabomba yanaziba na hakuna fundi atakayeyafungua. Pili, moto unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, monoksidi ya kaboni. Katika magari ya kulala, bomba lake linatolewa nje. Kuiwasha ndani ya chumba kilichofungwa, watoto wakilala humo, ni kucheza na kifo.

Chanjo na moto usio na kipimo

Katika kituo cha afya, swali si soda. Chanjo nyingi za watoto zinapaswa kukaa kati ya digrii 2 na 8 kila saa ya mchana na usiku. Frigo ya petroli inakula karibu lita moja kwa siku, na nyingi hazina chombo cha kupima na kurekebisha baridi zenyewe. Muuguzi ndiye anayepandisha na kushusha utambi kwa mkono, akisoma kipimajoto. Mchana jua kali, anapandisha moto. Usiku baridi ya mlima inashuka, moto umebaki uleule, na ndani chanjo zinaganda.

Watu wanaogopa joto, na wana haki: joto linaua chanjo ya surua na ile ya matone ya polio. Lakini chanjo ya pepopunda, ya hepatiti B, na ile inayochanganya kinga tano kwa sindano moja, zinaharibiwa na kuganda. Alama ndogo ya mraba ndani ya duara kwenye kichupa inabadilika rangi kwa joto peke yake. Kichupa kilichoganda kikayeyuka kinaweza kubeba alama safi kabisa, na mtoto akachomwa sindano isiyomlinda. Mama anarudi nyumbani akiwa na kadi iliyojazwa vizuri.

Kongo inajua bei ya watoto wasiolindwa. Katika mlipuko wa surua ambao serikali iliutangaza Juni 2019, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilisema Januari 2020 kwamba vifo vimepita 6,000. Sababu zilikuwa nyingi: vita, barabara mbovu, vijiji visivyofikiwa, upungufu wa chanjo zenyewe. Mnyororo wa baridi unaokatika njiani ulikuwa kati yake, na ni sehemu ambayo angalau inaweza kurekebishwa kwa vyombo.

Chombo kinachochukua nafasi ya frigo za moto ni frigo ya jua isiyo na batri. Paneli zinaendesha kompresa moja kwa moja mchana; kompresa inagandisha barafu ndani ya kuta, na barafu hiyo inashika baridi usiku na siku za mawingu. Kanuni za WHO zinataka ishike siku 3 angalau. Batri ziliondolewa kwa makusudi: katika mitambo ya kwanza ya jua ndizo zilizokuwa zinakufa baada ya miaka michache, na kituo kikabaki na paneli nzuri na frigo ya joto.

Haina maana kwamba kazi imekwisha. Mti ukikua mbele ya paneli, baridi inapungua. Majivu ya Nyamulagira na Nyiragongo yakianguka Masisi au Rutshuru, lazima mtu apande kupangusa. Paneli zinaibiwa. Na nyaya za mjini si usalama mkubwa zaidi: mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia Goma, sehemu kubwa ya mji ilikaa siku kadhaa bila umeme wala maji, na Msalaba Mwekundu wa kimataifa ukaeleza hofu yake juu ya maabara ya INRB inayotunza sampuli za magonjwa hatari.

Mahali ambapo umeme unakuja na kuondoka, kuna frigo zenye kuta za barafu ambazo saa 8 za umeme kwa siku zinazitosha. Mwenye duka anaweza kuiga wazo hilo bila kununua kitu kipya: kongelateri ya kufunguliwa kwa juu, ijazwe chupa za maji pembeni na chini, na ifunguliwe mara chache. Maji yakiganda wakati umeme upo, yatalinda samaki mpaka urudi.

Na anayeishi bondeni, ambapo gazi inapatikana na umeme haufiki, bado anaweza kuichukua ile ya moto kwa ajili ya nyama na maziwa. Kabla ya kutoa pesa, anuse nyuma yake. Harufu kali ya amonia, au unga wa manjano kwenye mabomba, ni alama kwamba imetoboka. Unga huo ni sumu, usiguswe kwa mikono. Kisha adai iwashwe kwa gazi mbele yake, na arudi kesho yake kuangalia kama maji yameganda.