Kungoja Bila Kujua

Ilikuwa baada ya Alasiri nilipofika na mtoto wa dada yangu katika idara ya dharura ya hospitali moja hapa pwani. Homa ilikuwa imempanda, naye amelegea begani kwangu. Muuguzi alimpima joto, akahesabu pumzi zake, akaandika, akatuambia tuketi. Mara akaletwa kijana aliyebebwa na wenziwe, akapitishwa. Akaja mzee, naye akapitishwa. Mama aliyeketi kando yangu akaguna, “Hapa asiye na mtu wake hatibiwi.” Magharibi ikaadhiniwa, nami nikabaki kitini na udhu wangu, nikichelea kwamba nikiondoka tu, jina la mtoto litaitwa.

Yule mama alikosea, lakini simlaumu, kwani hakuna aliyemweleza. Chumba cha dharura hakifuati foleni ya duka. Wagonjwa hupangwa kwa uzito wa hali zao. Katika utaratibu uliotungwa Afrika Kusini, mgonjwa wa rangi nyekundu hutakiwa aonwe papo hapo, wa rangi ya chungwa kabla ya dakika 10, wa manjano kabla ya saa moja, na wa kijani kabla ya saa nne. Anayewekwa nyuma huenda ndiye mwenye habari njema kuliko wote chumbani, ila hajaambiwa.

Mwaka 1985, mtaalamu David Maister aliandika kwamba kungoja usikoelezwa sababu yake, wala usikojua mwisho wake, huonekana kurefu zaidi. Waingereza walilijaribu jambo hili katika hospitali za Southampton na London: wakabandika mabango yanayomweleza mgonjwa yuko hatua gani na kwa nini anangoja. Wagonjwa 75 katika kila 100 walisema udhia wao umepungua, na vitendo vya vitisho na ukali vikashuka kwa nusu. Bango haliongezi daktari hata mmoja.

Simu yaweza kwenda mbele ya bango. Huko Alberta, Kanada, tovuti ya idara ya afya huonyesha makadirio ya muda wa kungoja katika vyumba vya dharura, kabla mtu hajatoka nyumbani. Kwetu ningependa ukurasa mwepesi wa intaneti, usiohitaji kupakuliwa. Mgonjwa akishapimwa apewe kikaratasi chenye nambari. Akiifungua kwenye simu aone rangi yake, hatua aliyofikia, kama ni kumngoja daktari au majibu ya maabara, na wangapi wa rangi yake wamemtangulia. Zamu ikikaribia, ujumbe uingie. Mwenye kabambe apate ujumbe huohuo. M-Pesa imekwisha kutuzoesha, hata bibi zetu, kusoma ujumbe mfupi. Jina lisionekane, wala ugonjwa. Sitara ya mwanamke haiishii kwenye buibui.

Hata hivyo nina hofu mbili. Ya kwanza ni kwamba ukurasa usiopata mtu wa kuuhuisha utasema uongo, na muuguzi aliyeelemewa hana mkono wa tatu. Hospitali isiyoweza kumweka mtu wa kazi hiyo na ianze na bango ukutani. Ya pili ni nzito zaidi: simu haimwoni mtoto. Akishikwa na degedege, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipumua kwa shida au akizidi kulegea asiamke, usitazame nambari. Inuka, mwite muuguzi kwa sauti, hata kama skrini yasema wamebaki kumi. Onyo hilo liandikwe juu kabisa ya ukurasa, kwa Kiswahili kinachosomeka.

Wala ukurasa huo usije ukageuka bawabu wa kudai malipo kwanza. Ibara ya 43 ya Katiba yetu yasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura.

Sisi tuliitwa baada ya Isha kuadhiniwa. Daktari alikuwa mpole, na mtoto alipona, alhamdulillahi. Kumbe tangu mwanzo tulikuwa wa manjano. Niliiona rangi hiyo kwenye karatasi yetu mezani pake. Magharibi yangu niliilipa usiku ule, juu ya mkeka wa dada, mtoto akikoroma pembeni.