Usiniambie "Mashaallah" Tu: Namna ya Kuomba Maoni Juu ya Picha Yako



Wiki iliyopita, baada ya swala ya alasiri, kijana mmoja wa mtaani kwetu alinifuata barazani na simu mkononi. "Ami, hebu nitazamie hii," akaniambia. Ilikuwa picha ya sura yake mwenyewe, amevaa kanzu na kofia ya vito, aliyoichora kwa wiki tatu kwenye tableti ya kuazima. Aliituma kwa jamaa zake kwenye WhatsApp, akapata "mashaallah" chungu nzima. Kisha akaipeleka kwa mteja aliyekuwa akitafuta mchoraji wa vitabu vya watoto. Mteja akamjibu maneno matatu: "Sura haina uhai." Kazi ikaenda, na yeye hajui alikosea wapi.

Hukumu ya kuchora viumbe wanavyuoni wana khitilafu nayo. Mwenye kutaka fatwa amwendee shekhe wake. Mimi nazungumzia ufundi, nilioupata kidogo nilipokuwa nikisomea stashahada ya usanifu wa matangazo.

Nikaitazama. Kufanana, amefanana. Kasoro ilikuwa kwenye vivuli.

Kwanza, kivuli cha pua kilikwenda kulia na cha kidevu kikaenda kushoto, kana kwamba chumbani mna majua mawili. Kabla hujatia kivuli chochote, amua mwanga unatoka wapi, na vivuli vyote viufuate.

Pili, alitia vivuli kwa rangi nyeusi tupu. Ngozi ya maji ya kunde ukiitia weusi huwa kama imepakwa majivu. Kivuli chake ni hudhurungi iliyokolea, yenye wekundu ndani yake.

Tatu, alisahau kanzu. Kitambaa cheupe hurudisha mwanga juu, kwa hiyo chini ya kidevu hapawi na giza totoro. Yeye alipatia giza, na kichwa kikaonekana kimekatwa. Na macho je? Ule weupe wa jicho si mweupe kama karatasi, kwani ukope wa juu unautilia kivuli.

Nne, kila kitobo cha kofia alikichora kwa makini, lakini uso ameupakaza mpaka umekuwa laini kama plastiki. Mtazamaji huangalia palipo na vitu vingi, basi anaitazama kofia, mwenye kofia hamuoni.

Mholanzi Rembrandt alijichora kwa miaka 40 hivi. Katika picha yake ya mwaka 1628 hivi, iliyoko Rijksmuseum mjini Amsterdam, macho yenyewe yamo gizani. Mwanga umegusa shavu, shingo na ncha ya pua. Nywele alizikwaruza kwa mpini wa brashi rangi ikiwa mbichi, pale mwanga ulipopita. Penye giza hakujisumbua kuchora kila kitu.

Sasa, kwa nini jamaa hawakumwambia haya? Kwa sababu aliwauliza, "Mnaionaje?" Swali kama hilo kwetu jibu lake ni adabu. Nani atamvunja moyo mtoto wa watu? Na yeye mwenyewe asingeweza kuziona kasoro hizo, maana nyani haoni kundule.

Basi ukitaka maoni yatakayokufaa, fanya hivi. Uliza kazi ikiwa nusu, kabla hujaipenda kupita kiasi. Weka picha ya kamera uliyochorea pembeni yake. Sema mwanga unatoka wapi, kisha uliza jambo moja tu: "Kivuli hiki kimezidi?" au "Jicho lako linakwenda wapi kwanza?" Swali la pili hata asiyejua kuchora atalijibu, na jibu lake ni la kweli. Ukishajibiwa, usijitetee. Shukuru, ukatazame.

Na kabla ya kuwasumbua watu, jisaidie mwenyewe. Igeuze picha kama inavyoonekana kwenye kioo, kombo itajitokeza. Iondoe rangi ibaki nyeusi na nyeupe. Ikiwa yote ni kijivu kimoja, vivuli vyako ni hafifu. Ipunguze iwe ndogo kama stempu. Uso ukipotea, jua umechora madoido kabla ya umbo.

Kijana alikwenda nyumbani, akazima taa ya dari, akakaa kando ya dirisha na kuanza upya. Jana usiku akaituma tena kwa jamaa: "Mwanga unatoka dirishani, kushoto. Kuna mahali panapowakera?" Safari hii majibu yalikuwa machache. Shangazi yake, ambaye hajawahi kushika brashi, aliandika: "Shavu la kulia limevimba kama unaumwa na jino."

Akaangalia. Kweli, kivuli cha shavu hilo kilikuwa kimeanza mbali mno. Mteja yule hajarudi, lakini shavu limerekebishwa, na kijana ameniambia shangazi ndiye atakayemuuliza kwanza picha ijayo.

Wabillahi tawfiq.