Uzamili Upi kwa Mhandisi wa Ndege?

Mtoto wa kaka yangu amemaliza digrii ya uhandisi wa ndege Nairobi. Tangu setilaiti ya Kenya, Taifa-1, irushwe Aprili 2023, hasikii la mwadhini wala la mteka maji: uzamili wake ni wa vyombo vya anga za juu, basi.

"Shangazi, dunia inakwenda huko."

Simbishii. Namuuliza tu nani atamwajiri. Marekani, sheria iitwayo ITAR huhesabu roketi pamoja na silaha, kwa hiyo kampuni nyingi za huko hutaka raia au mkaazi wa kudumu. Ulaya kuna upenyo zaidi, ila ahesabu pia mfuko: TU Delft ya Uholanzi ni miaka 2, Cranfield ya Uingereza kwa kawaida mwaka 1.

Mimi nilichukua miundo, yaani kiunzi na ngozi ya ndege, na namna ufa unavyozaliwa. Wenzangu waliona ni somo la mafundi bati. Lakini ndege ikipanda, hewa iliyoshindiliwa ndani huivimbisha ngozi. Ikishuka, ngozi hulegea. Kinachoichosha zaidi ni idadi ya safari, si saa za angani. Tarehe 28 Aprili 1988, Boeing 737 ya Aloha Airlines, iliyokwisharuka karibu mara 90,000 kati ya visiwa vya Hawaii, ilivuliwa paa ikiwa angani, kipande cha mita 5 na ushei. Mhudumu mmoja alivutwa nje akafa. Unyevu na chumvi vilikuwa vimekula gundi ya viungo vya bati, mzigo ukahamia kwenye ribiti, nyufa zikaanzia kwenye matundu yake na kuungana.

Dar hadi Unguja ni kama dakika 20 tu, juu ya chumvi hiyohiyo. Kazi ya kuzisaka nyufa haitaisha pwani hii. Ila ajue kwamba uzamili haumpi mtu ruhusa ya kusaini ndege iruke. Hiyo ni leseni ya mamlaka ya usafiri wa anga, na ina mitihani yake.

Nimemwambia aachane na majina ya kozi, asome tasnifu za wahitimu aone walishinda wakifanya nini: kuandika programu, kupima bawa kwenye njia ya upepo, au kuvunja vipande vya alumini maabara. Jana kanitumia kadhaa, zote za setilaiti. Nyingi ni programu tupu, somo alilokuwa akilikimbia tangu mwaka wa pili.