Paneli za Vidhibiti Katika Studio za Nyumbani: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua

Kurekodi muziki kwa kompyuta kumepunguza ulazima wa kumiliki meza kubwa ya kuchanganya sauti. Msanii au prodyuza mwenye kompyuta, maikrofoni na kadi ya sauti anaweza kuandaa wimbo akiwa nyumbani kwake. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa kwa kipanya, ambacho huweza kushika kidhibiti kimoja tu kwa wakati mmoja. Upungufu huo ndio unaowafanya wengi kutafuta paneli ya vidhibiti, yaani kifaa chenye vitelezi, vibonye na vitufe vya kuzungusha vinavyoendesha programu ya kurekodi kwa mikono.

Jambo la kwanza ambalo mnunuzi anapaswa kulielewa ni kwamba, kwa kawaida, paneli hiyo haipitishi sauti. Kitelezi kinaposogezwa, kifaa hupeleka kwenye kompyuta ujumbe wa namba tu, na programu ndiyo inayopandisha au kushusha sauti. Kwa sababu hiyo, paneli haiwezi kusafisha rekodi iliyofanywa kwa maikrofoni duni au katika chumba chenye mwangwi. Asiye na kadi ya sauti akinunua paneli pekee, atabaki bila uwezo wa kuunganisha maikrofoni ya studio, isipokuwa kama kifaa alichochagua kimeunganisha kazi zote mbili.

Ujumbe huo husafirishwa kwa kawaida kupitia MIDI, mfumo wa mawasiliano ya vyombo vya muziki uliooneshwa hadharani nchini Marekani mwaka 1983. Ujumbe wa kawaida wa udhibiti katika MIDI una hatua 128, kuanzia 0 hadi 127. Itifaki ya Mackie Control, inayotumiwa na paneli nyingi, hupeleka mwendo wa vitelezi kwa ujumbe wenye nafasi ya hadi hatua 16,384, ingawa kifaa chenyewe kinaweza kutumia chache zaidi. Tofauti hiyo husaidia pale sauti inapotakiwa kufifia taratibu bila kuruka.

Suala la pili ni upatanifu. Programu kama Cubase, Logic Pro, Reaper na Ardour zinaitambua Mackie Control, wakati Pro Tools kwa muda mrefu imetumia itifaki ya HUI. Ni muhimu mnunuzi kuthibitisha kwanza kuwa kifaa na programu yake vinazungumza lugha moja, badala ya kuvutiwa na wingi wa vibonye.

Tatu, vipo vitelezi vyenye mota na visivyo na mota. Vyenye mota hujisogeza vyenyewe kufuata kilichohifadhiwa kwenye programu. Hilo ni la manufaa kwa kuwa paneli nyingi zina vitelezi 8 vya njia za sauti. Mtumiaji anapohama kutoka njia ya 1 hadi ya 8 kwenda ya 9 hadi ya 16, vitelezi hukaa mahali panapostahili. Visivyo na mota hubaki vilipoachwa, na kikiguswa kimoja sauti inaweza kuruka ghafla. Ili kuepuka hali hiyo, programu nyingi zina mpangilio unaokifanya kitelezi kisifanye kazi hadi kifikie kiwango kilichopo. Vyenye mota huwa na bei ya juu, na vingi huhitaji adapta yake ya umeme.

Wakati wa kuunganisha, inashauriwa kuwasha paneli na kuchagua itifaki kabla ya kufungua programu. Kisha, katika mipangilio ya programu, mtumiaji achague jina la kifaa mara mbili: kwenye sehemu ya kupokea na kwenye sehemu ya kupeleka. Akichagua ya kupokea pekee, vitelezi vitaendesha programu, lakini mota hazitasogea na taa hazitawaka. Wengi hudhani kifaa ni kibovu, kumbe hakijapata njia ya kupokea majibu.

Vilevile, paneli isiachwe ikitambuliwa pia kama kinanda. Katika Mackie Control, vitelezi hutumia ujumbe uleule unaopinda noti za kinanda. Hivyo kusogeza kitelezi wakati wa kurekodi kunaweza kuharibu utulivu wa noti za ala iliyomo kwenye programu.

Kwa mwenye bajeti ndogo, zipo programu za simu na tableti zinazofanya kazi hiyo kupitia mtandao wa ndani usiotumia waya. Kioo hakina mguso wa kitelezi halisi, lakini hutoa nafasi ya kupima iwapo mtumiaji anahitaji kweli vidhibiti vya mkono kabla ya kutoa fedha.

Kwa ujumla, paneli ya vidhibiti humfaa zaidi mtu ambaye tayari ana kadi ya sauti, maikrofoni na vipaza sauti anavyoviamini, na ambaye huchanganya njia nyingi mara kwa mara. Humwezesha kushusha ngoma huku akipandisha sauti ya mwimbaji kwa wakati mmoja, macho yakiwa mbali na kioo na masikio yakiwa kwenye wimbo. Asiyekuwa na vifaa hivyo anashauriwa kuanza navyo, kwani ndivyo vinavyoamua msikilizaji atasikia nini.