Mguso na Kani Rejeshi katika Uhalisia Pepe: Tatizo la Dhana na Istilahi

Makala haya yanajadili namna binadamu anavyotambua vitu kwa mkono katika uhalisia pepe, yaani mazingira yaliyoundwa kwa kompyuta, na kuonyesha kwamba neno mguso peke yake halitoshi kubeba dhana zinazohusika.

Katika milango mitano ya maarifa, kugusa huhesabiwa kuwa mlango mmoja. Kwa hakika mambo mawili hukutana hapo. Ngozi hupokea mtetemo, joto na mikwaruzo; misuli, kano na viungo hupima uzito na ukinzani. Aidha, mkono haupokei tu, bali hutafuta. Mwaka 1987 Susan Lederman na Roberta Klatzky walibainisha kwamba kila sifa ya kitu hutafutwa kwa mwendo wake maalumu. Kiswahili kina vitenzi vinavyokaribiana na miendo hiyo: ukwaruzaji hupapaswa, ulaini hutomaswa, umbo la jumla hufumbatwa, na uzito hupimwa kwa kuinua.

Vifaa havitoshelezi vitenzi vyote hivi. Kidhibiti kinachotetema huigusa ngozi tu: mtumiaji akipiga ukuta wa kubuniwa hupata mtetemo, lakini mkono wake hupenya. Kifaa cha PHANToM, kilichoelezwa na Thomas Massie na Kenneth Salisbury mwaka 1994, huzuia mkono wenyewe. Kidole huvishwa kitu kama kastabini, na mota hukisukuma nyuma kinapoufikia ukuta. Ili ukuta uhisiwe mgumu, kani hukokotolewa upya takribani mara 1000 kwa sekunde. Hata hivyo, mguso huwa wa nukta moja, mithili ya mtu apapasaye njia kwa fimbo, kufumbata hakuwezekani.

Macho nayo huingilia. Mwaka 1964 Irvin Rock na Jack Victor waliwapa watu mraba waushike huku wakiutazama kupitia lenzi iliyoufinya. Kwa jumla, majibu yao yalifuata umbo waliloliona, si walilolishika.

Hivyo basi, inapendekezwa kwamba mguso utumike kwa yapokewayo na ngozi, kani rejeshi kwa ukinzani uhisiwao na misuli, na upapasi kwa utambuzi mzima wa mkono utendao. Tofauti hii si ya maneno matupu. Mwanafunzi wa upasuaji anayejifunza kwa mashine kutomasa uvimbe anahitaji kani. Mtafsiri akiandika mguso, chuo chaweza kununua mtetemo.