Mguu wa Mtoto Usidharauliwe



Siku moja chuoni pangu nilimkemea mtoto wa miaka minane kwa kuwa hakutaka kukunja goti alipoketi mkekani. Nilimdhania mvivu. Siku ya pili hakuja. Nikaenda kwao, nikamkuta ana homa, naye akikandwa goti kwa mafuta ya moto, kwani walidhani ameteguka. Siku ya nne ndipo alipofikishwa hospitali, akapasuliwa, usaha ukatolewa. Alhamdulillahi yu hai. Lakini goti halikunjiki sawasawa, na hata leo husali ameunyosha mguu mbele yake.

Si kila jambo la miguu ni la kutisha. Mtoto huzaliwa na matege, nayo kwa kawaida hunyooka afikapo miaka miwili. Katika mwaka wa tatu au wa nne magoti huweza kugongana, kisha hujiweka sawa mnamo mwaka wa saba au wa nane. Lakini matege yazidiyo baada ya miaka miwili, au yaliyo mguu mmoja tu, yataka kuonwa na tabibu.

Wako pia watoto waliao usiku kwa maumivu ya miguu yote miwili, na asubuhi wakaamka wakikimbia. Hao wachuliwe polepole, watulizwe. Kwa kawaida hayana madhara.

Lililompata mwanafunzi wangu ni jingine. Vijidudu huingia damuni, pengine kwa kidonda kidogo cha ngozi, vikatua katika kiungo au mfupa. Usaha huila gegedu, ile ngozi laini ifunikayo ncha za mifupa, na siku chache zatosha kuiharibu. Mtoto mwenye selimundu yu karibu zaidi na hatari ya mifupa kuingia usaha.

Basi, mtoto akiwa na homa, na kiungo kimoja kinamuuma, kimevimba au kina moto, au hataki kukanyaga, msimkande wala msingoje kuche. Mpelekeni hospitali siku ile ile.

Nasi waalimu, tumwonapo mtoto hakai kama wenzake, tumwulize kwanza: "Mwanangu, wapi pakuumapo?" Laiti ningaliuliza siku ile.