Mashine Inaijuaje Dhahabu?

Wekeni kalamu na daftari karibu, maana mwisho wa somo iko hesabu.

Sisi watu wa Mpanda tumezoea habari za madini. Reli ya kutoka Kaliua ililetwa hapa mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa risasi, na mgodi ule ulifungwa mwaka 1960. Siku hizi wako wachimbaji wadogo wa dhahabu, kama wale wa Dirifu. Mchimbaji akienda kuuza, dhahabu yake huwekwa mbele ya mashine ndogo. Kitambo kidogo, mashine huandika, kwa mfano: dhahabu 90, fedha 8, shaba 2, yaani katika kila mia. Imejuaje?

Sikilizeni. Vitu vyote vimejengwa kwa chembe ndogo mno ziitwazo atomu. Katikati ya atomu kuna kiini chenye protoni, na elektroni ziko nje ya kiini hicho. Idadi ya protoni ndiyo hutambulisha kitu: shaba 29, fedha 47, dhahabu 79, risasi 82. Mashine hupeleka miali ya eksirei, nayo huing'oa elektroni iliyo karibu na kiini. Elektroni ya mbali huja kuziba pengo, na hapo hutoka mwali mpya. Kadiri protoni zilivyo nyingi, ndivyo mwali huo unavyokuwa na nguvu. Ni kama ngoma: hata gizani, ukisikia mlio wajua ni ipi inayopigwa.

Kanuni hii iligunduliwa mwaka 1913 na Mwingereza Henry Moseley. Aliuawa vitani mwaka 1915, naye ana miaka 27 tu. Lakini kanuni yake haikufa. Mwaka 2013 wataalamu waliofanya kazi Darmstadt, Ujerumani, walieleza jinsi walivyounda chembe chache za elementi ya 115, ambayo haichimbwi popote, wakatega vyombo vya eksirei ili waitambue.

Sasa jihadharini. Mashine husoma ngozi ya juu tu. Risasi iliyopakwa dhahabu nene yaweza kuidanganya, na dhahabu yako ikiwa na uchafu yaweza kusomwa vibaya, hasara ikawa yako. Kwa hiyo isafishe kwanza, omba ipimwe mahali zaidi ya pamoja, na usome namba kwa macho yako mwenyewe. Asiyejua kusoma hupokea anachoambiwa.

Tazameni: una gramu 20, na mashine imeandika 90 katika mia. Dhahabu halisi ni gramu 18. Ukiambiwa kwa mdomo kuwa ni 80, utalipwa gramu 16. Umepoteza gramu 2 kwa kutosoma namba moja!

Kazi ya nyumbani: Gramu 30, mashine imeandika 80 katika mia. Dhahabu halisi ni gramu ngapi? Andikeni jibu, mlilete darasani.